Barua Iliyoitikiwa

Eugénie hakujua kushona, na tuliseme hilo mapema ili lisitusumbue mbele. Ukimpa sindano, uzi unakwenda upogo. Ukimkalisha kwenye cherehani, anakanyaga kama mtu anayeua siafu. Lakini mpe kalamu! Kule Uvira alikuwa sekretere wa direkta wa shule moja ya sekondari, na mwandiko wake, aliofundishwa na masista, ulikuwa mzuri kiasi kwamba hata angekuandikia barua ya kukufukuza kazi ungeitunza. Vita vya mwaka tisini na nane vilipomtoa kwao, vikamvusha ziwa na Tanzania nzima mpaka kambi ya Dzaleka huku Malawi, kila alichobeba kilipotelea njiani isipokuwa mwandiko ule.

Basi katika kikundi cha ushonaji alichokianzisha mama Vénérande nyuma ya soko la kambi, wenzake walikata, wakashona na kupiga pasi, naye aliandika. Na hapo ndipo palipokuwa na shida. Nguo iliyoshonwa inaonekana. Kazi ya mwandishi haionekani mpaka ijibiwe. Barua yake ya kwanza, ya kuomba kushona mapazia ya ofisi fulani ya serikali kule Capital Hill mjini Lilongwe, ilikwenda na maji. Walingoja mvua zikaja, wakangoja zikaisha, kimya. Kikundi kizima kiliwasema watu wa Capital Hill kwa majivuno yao, na Eugénie ndiye aliyewasema kwa sauti kubwa kuliko wote. Usoni hakuna aliyemlaumu. Lakini alikuwa na macho. Aliona jinsi Wilondja, fundi wa suruali kutoka Fizi, alivyomtupia jicho mchana wakati nsima, ugali wa huku, ilipogawanywa, akajua anahesabiwa kuwa mdomo wa kula tu.

Nafasi ya pili ililetwa na kola. Mama Vénérande alikwenda Lilongwe kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa, amevaa gauni lake mwenyewe, na katikati ya maombi mama mmoja wa nyuma yake akaishika kola ya gauni akaanza kuipapasa kuona ilivyogeuzwa. Alikuwa Madam Namalomba, mwalimu mkuu wa shule ya watu binafsi ya mtaa wa Area 36. Amina ilipotoka tu, akasema shule yake inatafuta mafundi wa kushona sare za muhula mpya.

"Andikeni barua rasmi," alisema. "Kamati ya wazazi ndiyo itakayochagua. Waambieni mna nini, mtaleta lini, na mnapatikana wapi. Mimi siku hiyo sitawasemea. Barua yenu itajisemea."

Habari ilipofika kambini, watu walishangilia, isipokuwa Wilondja.

"Hii nayo ikikosa jibu," alisema bila ukali, maana hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka, "kila mutu achukue mashine yake. Mi nitaenda kushonea Madisi, kule kuko soko. Siwezi kungoja barua maisha yote, mama Eugénie. Niko na batoto."

Kila mtu achukue mashine yake. Eugénie hakuwa na mashine ya kuchukua. Maneno hayo yalimkaa rohoni, na alipoketi kuandika alikuwa nayo.

Aliandika kwa Kiingereza alichojifunzia Dzaleka, nusu kwa kamusi na nusu kwa kumwomba Mungu. Akafuta, akaanza tena, akaufukuza upepo, akawafukuza na kuku. Alipomaliza alinakili barua yote kwenye karatasi nzuri isiyo na mistari, kwa ule mwandiko wa masista, herufi zimeinama upande mmoja kwa adabu. Mwisho akatia mahali na tarehe chini kabisa, juu ya sahihi, jinsi barua zote za kwao zinavyomalizika. Akaitazama. Ilikuwa nzuri jamani! Hakuisoma tena, nani anasoma tena kitu alichokinakili kwa mkono wake mwenyewe? Akakunja, akatia kwenye bahasha, akaibandika kwa kidonge cha nsima kwa kuwa gundi haikuwepo, akatoka mbio kumtafuta Kassim.

Kassim alikuwa mfanyabiashara kutoka Kindu, Mwislamu mtaratibu mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Aliuza nyuzi, vitambaa na chumvi pale sokoni, na asubuhi hiyo alikuwa amepata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Lilongwe kuchukua bidhaa. Kijana wa kabaza alikwisha kuiegemeza baiskeli yake ya abiria kwenye kibanda, tayari kumpeleka barabarani kwenye minibasi. Eugénie alimnyoshea bahasha. Kassim hakuipokea.

"Imeitikiwa?" aliuliza.

"Imeitikiwa nini, papa Kassim?"

"Barua. Benye kuwa ndani bameitikia?"

Eugénie alidhani mzee amelala vibaya. Kassim akaketi juu ya mfuko wa chumvi na kumweleza kama mtu mwenye siku nzima mbele yake. Baba yake alikuwa na duka Kindu, na barua ya biashara ikishapanda treni au bateau, meli ya mtoni, basi, huwezi kuikimbilia mtoni ukaishika mkia. Kwa hiyo pale dukani barua haikuondoka mpaka iitwe. Mwandishi anasimama mlangoni anaisoma kwa sauti, kitu kwa kitu. Mwenye kitu anajibu "iko." Kikikosa wa kujibu, kinatoka kwenye barua. Na mtu haruhusiwi kumwitikia mwenzake.

"Papa Kassim," alisema Eugénie, na sasa damu ilikuwa imempanda, "mi niliandikia direkta barua za serikali. Za inspekta. Za askofu! Hii nimeandika vizuri."

"Siwezi bisha. Mi hata Kizungu cha hapa sikijue," alisema Kassim. "Lakini mutu akiniuliza njiani nimebeba nini, mi nitajibu je? Ita benzako, mama. Batakuja mbio."

Kijana wa kabaza akapiga kengele. Kassim akamwambia "zikomo, ngoja kidogo," naye akanuna. Eugénie alikwenda kuwaita wenzake shingo upande, huku akinung'unika kwamba minibasi itawaacha, barua itachelewa, na yote yatakuwa ni kwa ajili ya mambo ya marehemu baba wa mtu. Tumwache anung'unike. Baadaye alikuja kuyakumbuka manung'uniko hayo na kucheka mwenyewe njiani.

Wakaja: mama Vénérande na futi yake shingoni, Gabriella wa kola na nyuzi kwenye nywele, Wilondja na uso wake wa siku zote. Wakasimama mbele ya kibanda. Eugénie akaibandua bahasha, nsima ilikuwa bado mbichi, akaanza kusoma, sentensi kwa sentensi, akiigeuza katika Kiswahili.

"Sisi ni mafundi wenye uzoefu wa sare za shule."

"Iko," alisema mama Vénérande. "Kwetu nilivalisha shule mbili."

"Kola zetu zinageuzwa kwa mkono na kushonwa mara mbili."

"Iko," alisema Gabriella, akacheka, maana hata kwake ilikuwa mara ya kwanza kuitikia kola.

"Tuna vyerehani vitatu vinavyofanya kazi."

"Yangu iko," alisema Vénérande.

"Yangu pia iko," alisema Gabriella.

Watu wakamgeukia Wilondja. Wilondja akaanza kuchunguza kidole chake cha shahada.

"Yangu... iko Madisi. Kwa fundi. Pedali ilivunjika."

"Basi haiko," alisema Kassim.

"Itarudi!"

"Ikirudi itaitikia. Leo haiko."

Eugénie alitaka kusema kwamba mashine tatu inasomeka vizuri kuliko mbili, kwamba watu wote wanaongeza kidogo kwenye barua. Lakini aliwatazama watu waliosimama pale juani, kila mmoja akingoja zamu yake ya kuitikia, akaona aibu kulisema. Akatoa kalamu kwenye nywele, akaandika pembeni: vyerehani viwili, cha tatu kiko Madisi kwa matengenezo. Akaendelea.

"Tutaleta sare zote Jumatano, juma moja kabla shule haijafunguliwa."

Gabriella akapiga yowe. "Haiko! Jumatano ile njo siku ya kugawa mahindi! Sisi wote tutakuwa kwa mustari. Nani ataleta sare, mbuzi?"

Walicheka mpaka kijana wa kabaza akacheka nao bila kujua wanachekea nini. Eugénie naye alicheka. Katika Dzaleka mtoto wa miaka minne anaijua siku ya mahindi, na yeye aliyelipanga kila neno hakuiona. Akaandika Ijumaa. Sasa hakuwa akisoma kwa hasira tena. Alisoma polepole, kalamu mkononi, akisikiliza, mpaka akafika chini kabisa ya karatasi, pale palipobaki mahali, tarehe na sahihi.

"Imefanyika Uvira," alisoma, "tarehe..."

Akarudi kwenye neno hilo.

Alitazama tena. Ilikuwa imeandikwa wazi, kwa herufi zile nzuri zilizoinama kwa adabu: Uvira. Hakuikosea, mkono wake uliiandika kama ulivyoiandika kila siku ya kazi kwenye meza ile yenye dirisha la kuona ziwa, na jicho lake likapita juu yake kama mtu anayepita mlango wa nyumbani kwake. Na katika barua nzima hapakuwa na mahali pengine palipotajwa. Sanduku la posta hawakuwa nalo, simu hawakuwa nayo. Kamati ya wazazi ingesoma juu ya mafundi hodari wenye kola za ajabu, kisha ingekuta kwamba wako katika mji wa vita, ng'ambo ya nchi nzima. Nani angempa mtu kama huyo watoto wake kuwavalisha?

Hakuna aliyeitikia. Kassim mwenyewe alikuwa ametazama chini. Sokoni watu walikuwa wakipigania bei ya nyanya kama kawaida, lakini mbele ya kibanda kile kila mmoja alikuwa amerudi kwao kimawazo: mmoja Fizi, mmoja Kindu, na mama Vénérande kwenye nyumba yake ya Kiliba yenye bati jipya ambalo hakulala chini yake hata msimu mmoja.

"Nimefunga vitu vyangu mara nyingi," alisema Eugénie mwishowe, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kuyajali. "Nilizani nilitoka. Mama Vénérande, nilizani nilishatoka kule."

Mama Vénérande alimfuta uso kwa ncha ya kitenge chake, kwa nguvu, kama anavyofutwa mtoto.

"Hata mi sijatoka yote," alisema. "Asubuhi nikiamka natafuta mlango kwa ukuta wa kule. Andika tu, mwanangu. Andika pale tuko."

Kisha wazo likamjia Eugénie, wazo baya, akaweka mkono mdomoni. "Ile barua ya Capital Hill. Ile nayo nilimaliza vilevile. Najua mkono yangu. Niliandika Uvira."

Wakatazamana. Alingoja Wilondja aseme. Alistahili, alikuwa na haki yake, na Eugénie alikwisha kuinamisha kichwa apokee. Wilondja akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe tulitukana bantu ba Capital Hill bure!" alisema. "Bale masikini balitujibu, barua yabo iko inatutafuta Uvira!"

Akacheka, Wilondja huyo, meno yote nje. Kicheko kikamshika Vénérande, kikampata Gabriella, na Eugénie akajikuta analia na kucheka kwa pamoja, akiwapenda watu hawa kuliko alivyowahi kujua.

Karatasi nzuri ilikuwa imebaki moja. Kassim alipangusa meza yake, akasogeza mizani, akamwachia kiti. Kijana wa kabaza alikwisha kumpata abiria mwingine na kuondoka. Kengele yake ilisikika ikiishia kwenye kona. Kassim hakumgeukia hata kumtazama. Eugénie akanakili upya, vyerehani viwili, Ijumaa, kila kitu mahali pake, na alipofika chini kalamu ikasita. Tangu aingie kambini alikuwa ametia sahihi kwenye kila karatasi waliyomwekea mbele, lakini jina la mahali hapa walikuwa wakiliandika wengine. Yeye hakuwahi. Akaliandika: Dzaleka. Akaongeza, maana sasa alikuwa na hamu ya kupatikana: nyuma ya soko, nyumba yenye pazia la buluu, karibu na kisima.

"Imefanyika Dzaleka," alisoma.

"Iko!" walijibu wote, na safari hii Kassim hakumkataza mtu kumwitikia mwenzake.

Akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaitia ndani ya kanzu, akajitwika mzigo wake kichwani, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani. Minibasi ya asubuhi ilikuwa imekwenda zamani. Walimtazama mpaka mzigo ukapotea kati ya mahindi. Hakulalamika siku ile wala siku nyingine, na hilo Eugénie hakulisahau.

Jibu halikuja kwa barua. Lilikuja kwa gari. Siku moja baada ya kanisa, gari dogo jeupe lilijipenyeza kati ya vibanda likisimama kila mara kupisha watoto, na ndani yake alikuwemo Madam Namalomba na wazazi wawili wa kamati. Mkononi alishika barua, imekunjuliwa, kama mtu anavyoshika ramani. Aliuliza soko, akaonyeshwa. Akaliona pazia la buluu mwenyewe.

"Kisima kiko pale," aliwaambia wenzake, akikinyoshea kidole. "Kama alivyoandika."

Akaingia. Akahesabu vyerehani kwa macho, akasimama.

"Viwili. Na cha tatu?"

"Kingali Madisi kwa fundi, Madam," alisema Eugénie. "Imo kwenye barua."

"Imo," alisema Madam Namalomba, na uso wake ukafunguka. Akawaeleza kwamba barua zilikuwa tatu. Moja ilitoka kwa watu waliojisifu kuwa na karakana nzima. Walipokwenda kuitafuta hapakuwa na karakana, palikuwa na mtu mmoja na maneno mengi. Ya pili haikusema waende wapi. "Tumechoka kudanganywa. Mmoja wa wazazi hawa alisema, twendeni kwa hawa wa vyerehani viwili. Mtu anayekuambia kile ambacho hana, huenda na kingine anacho kweli."

Mama Vénérande ndiye aliyeshukuru, akasema zikomo, akasema zikomo kwabasi, na alipoishiwa na Chichewa akaendelea kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa kupiga makofi. Wazazi walikwishaanza kuangalia kola. Kazi ikatolewa siku ileile, na karatasi za vipimo vya watoto zikaachwa mezani. Wilondja alichukua karatasi ya kwanza, akaiweka mbele ya Eugénie na kumwambia, "Nisomee, sekretere. Polepole. Mi nitaitikia."

Jumatatu yake Eugénie alikwenda kibandani kwa Kassim. Wenzake walikuwa wameshatangulia na shukrani zao, na Kassim alikuwa amekataa kila kitu, kitambaa, shati la kushonewa, hata kuku, akisema yeye alibeba karatasi tu. Basi Eugénie alimletea karatasi. Ilikuwa kwenye bahasha iliyobandikwa kwa nsima, na ndani yake alikuwa ameandika Kiswahili, kwa mwandiko wake wa sherehe.

Kassim alivaa miwani, akaibandua, akaanza kuisoma kimya. Kisha akasita, akamtazama juu ya miwani.

"Hii imeitikiwa?"

"Bado, papa."

"Ita benzako."

Wakaja tena, wale wale, wakasimama pale pale mbele ya mizani, na safari hii msomaji alikuwa Kassim. Alisoma kwa sauti ya dukani kwa baba yake, taratibu, akingoja jibu la kila mmoja.

"Asante ya mama Vénérande."

"Iko, papa."

"Asante ya Gabriella."

"Iko!"

"Asante ya Wilondja, ambaye hataenda Madisi."

"Iko. Nitaenda kuchukua mashine tu."

Kassim akashuka mstari mwingine. Hapo aliinua karatasi karibu zaidi na macho, akakohoa, akaichelewesha sauti yake.

"Na asante ya Eugénie," alisoma, "ambaye alikuwa angali Uvira, na wewe ukamwita mpaka akafika."

Eugénie alimtazama mzee aliyeachwa na gari kwa ajili ya karatasi isiyo yake, akawatazama wenzake, nyuzi kwenye nywele na futi shingoni. Hakuna aliyemwitikia. Walimngoja.

"Iko," alisema.

Kassim akaitikia kwa kichwa, akasoma mstari wa mwisho, mahali na tarehe, kisha akaikunja barua na kuitia ndani ya kanzu, upande ule ule alioibebea ya kwanza.